Kuna kitu kwenye nyama: kitambue kabla hujakirudisha buchani

Jumamosi moja mama mmoja jirani yangu alirudi buchani na mfuko wa maini aliyonunua asubuhi. Akauweka juu ya meza, kando ya mizani, akaufungua, kisha akaniuliza mbele ya foleni nzima: "Baba Wanja, siku hizi unatuuzia minyoo?"

Nilichukua kisu nikapasua pale alipokuwa akielekeza kidole. Kisu kikakwaruza, kama kimegonga changarawe. Mshipa wa nyongo ulikuwa umekuwa mgumu na mnene kama bomba la kalamu, ukatoa uji wa kahawia, na ndani ya uji huo kukawa na kitu bapa, cha rangi ya udongo, mfano wa jani la mti lililonyauka. Kilijikunja kidogo. Foleni ikarudi nyuma hatua mbili.

Nilimrudishia pesa zake, na kosa nilikiri ni langu. Maini yale yalikuja kwa karai, na karai halina muhuri wa mkaguzi wa nyama. Mnofu wa ng'ombe nilikuwa nimeukagua muhuri wake upande hadi upande, ila maini nikayapokea kwa imani tu.

Nimeuza nyama Kawangware, Nairobi, kwa miaka kumi na minne, na wateja wamenirudishia kila aina ya vitu. Nimegundua kwamba kinachowatia watu hofu zaidi mara nyingi hakina madhara kwao, na kile cha kuogopewa hupita kimya kikaliwa na ugali. Kwa hiyo soma kwa kufuata ulichokiona. Mimi si daktari, na mambo ya hospitali nitayaachia hospitali pale yanapofika.

Nyama inashtukashtuka

Mbuzi amechinjwa kichinjioni Kiamaiko alfajiri, wewe umemnunua saa mbili, na ukimtia chumvi mnofu unaanza kucheza kwenye sinia. Huyo si mnyoo. Ni misuli ambayo bado ina nguvu kidogo, na chumvi inaiamsha. Ni ishara kwamba nyama ni mbichi kabisa. Endelea kupika.

Katika kundi hilohilo weka nyuzi nyeupe unazozivuta kwenye nyama ya mguu: hizo ni kano na mishipa. Mnyoo hang'ang'anii mfupa.

Punje nyeupe ndani ya mnofu

Hapa simama, weka kisu chini, na uangalie vizuri.

Punje ninayoizungumzia ina ukubwa wa punje ya mchele au dengu, na ikizidi sana hufikia haragwe dogo. Imejificha katikati ya nyuzi za nyama, si juu yake. Ukiitazama kwenye mwanga utaona ni kifuko chenye maji meupe, na ndani yake doa moja jeupe zaidi. Doa hilo ni kichwa cha tegu, yule mnyoo bapa mrefu wa utumboni, akiwa bado mchanga na anasubiri kuliwa.

Mafuta nayo huwa meupe, kwa hiyo yapime kwa vidole. Bana punje kati ya kidole gumba na cha shahada. Mafuta yatapakaa na kulainika. Kifuko kitateleza, kiruke kutoka kwenye nyama na kuacha kishimo safi, au kitapasuka kitoe maji. Kama ni cha zamani na mnyoo amekwisha kufa, kitakuwa kigumu kama chokaa na kitasagika kama mchanga. Ukimaliza kipimo hicho nawa mikono kwa sabuni, na usafishe ubao.

Chanzo ni mtu. Hili wateja wangu huwa hawalipendi, lakini ndivyo lilivyo. Tegu mzima huishi kwenye utumbo wa binadamu. Mayai yake hutoka na choo, na ng'ombe huyala malishoni mahali watu wanapojisaidia vichakani. Mayai huanguliwa tumboni mwa ng'ombe, vijidudu hupenya hadi kwenye misuli na kujifungia humo. Wewe ukila nyama hiyo ikiwa mbichi, mnyoo anakua ndani yako na mzunguko unaanza upya. Tegu wa ng'ombe huweza kufikia mita kadhaa, hata zaidi ya kumi. Wa nguruwe kwa kawaida ni mfupi kidogo.

Nguruwe anayezurura na kula choo cha watu ndiye mwenye hatari. Watafiti wamewapata nguruwe wa namna hiyo Busia na Homa Bay, ambako wengi hufugwa kwa kufungwa kamba au kuachwa wajitafutie. Nguruwe aliyefungiwa bandani, akalishwa chakula chake na asifikie choo, hawezi kupata vifuko hivyo kwa urahisi. Kwa hiyo ukiwa na mazoea na muuza nyama ya nguruwe, muulize wanatoka wapi na walifugwa vipi. Wanunuzi wa nguruwe hai huko magharibi huvuta ulimi wa mnyama na kupapasa chini yake kutafuta vinundu. Ukivipata, umepata jibu. Usipovipata, bado huna jibu, maana mnyama mwenye vifuko vichache mara nyingi ulimi wake huwa safi.

Na hilohilo hutokea kichinjioni. Mkaguzi hupasua misuli ya taya, ulimi, moyo na bega, kwa sababu hapo ndipo vifuko hupenda kukaa. Hawezi kukatakata mnyama mzima, la sivyo sisi tungeuza nyama ya kusaga peke yake. Mnyama mwenye vifuko vitatu pajani anaweza kupita. Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ya kuuzwa ichinjwe mahali penye leseni na ikaguliwe. Muhuri huo unapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, lakini moto wa jikoni mwako ndio unaomalizia kazi.

Ufanye nini ukiziona? Usile kipande hicho, wala usimpe mbwa au paka. Kirudishe buchani kikiwa kwenye mfuko uliofungwa, uombe pesa zako, na umwambie mwenye bucha amjulishe mkaguzi, kwa sababu sehemu zilizobaki za mnyama huyo ziko kwa watu wengine. Bucha inayokujibu kwa ukali siku hiyo, ihame.

Kuhusu friza: nyama ya ng'ombe ikikaa siku kumi kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri, mabuu ya tegu hufa. Ni njia inayotumika hata kwa nyama yenye maambukizi machache baada ya ukaguzi. Lakini ile sehemu ndogo ya barafu juu ya friji yako, inayofunguliwa mara thelathini kwa siku na kuzima kila stima ikipotea, usiitegemee kwa kazi hiyo.

Maini yenye mabomba, majani au nyuzi

Nirudi kwa yule mama. Kitu kile bapa kama jani ni mnyoo wa ini. Ng'ombe humpata akila nyasi za kwenye kinamasi, mahali palipo na konokono wadogo wa majini ambao mnyoo huyu hulelewa ndani yao kwanza. Anaweza kufikia sentimita saba. Mishipa ya nyongo inapoumizwa kwa muda mrefu huweka chokaa, na ndiyo maana kisu kikakwaruza.

Je, ukila ini hilo utaambukizwa? Hapana, hasa likiwa limepikwa. Mtu huambukizwa kwa njia ileile ya ng'ombe: kula mboga mbichi za majini au kunywa maji yenye vijidudu vilivyotoka kwa konokono. Hata hivyo ini hilo halifai kuuzwa, na mkaguzi akiliona hulitupa au kukata sehemu mbovu. Mimi siku hizi napasua kila ini kabla sijaliweka kwenye ndoano. Linapoteza umbo zuri, lakini silaumiwi.

Kuna kituko kimoja hapa. Ukila ini lenye minyoo jana na kesho yake ukapimwa choo, maabara inaweza kuona mayai ya mnyoo wa ini yakipita tu tumboni mwako na kukuambia unaumwa. Ukiambiwa hivyo, mweleze mhudumu kama ulikula maini, kaa siku kadhaa bila kuyala, kisha upimwe tena.

Kwa mbuzi na kondoo utaona pia nyuzi nyeupe, laini kama tambi, zimejazana ndani ya mishipa ya nyongo. Ni mnyoo wa aina nyingine, naye hamwambukizi binadamu. Anachukiza tu.

Mfuko wa maji

Kuna mifuko ya aina mbili, na kuitofautisha kuna faida.

Wa kwanza unaning'inia. Umeshika utando wa mafuta tumboni au ukingo wa ini la mbuzi, ngozi yake nyembamba kama ya puto, na ndani unaona kidoti kimoja cheupe kikielea. Ni tegu wa mbwa akiwa mchanga. Hamwambukizi mtu.

Wa pili umezama ndani ya ini au pafu. Ukuta wake ni mnene, mweupe, na ukipasuliwa maji hutoka kwa nguvu yakiwa na chembechembe kama mchanga mwororo. Huu ndio wa kuheshimu. Mbwa anapokula kiungo hicho kibichi, minyoo midogo mno hukua kwa wingi utumboni mwake, na mayai hutoka na kinyesi chake, yakashika kwenye manyoya, majani na maji. Mtu anayameza kutoka hapo, kisha mfuko kama huo unaota polepole kwenye ini au pafu lake kwa miaka bila yeye kujua. Turkana imejulikana kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika sana duniani. Nairobi tuna mbwa wengi wanaozunguka vichinjio, na tuna desturi ya kununua mapafu ya bei rahisi "ya mbwa".

Kwa hiyo si kula kunakoleta ugonjwa huu. Ni kutupa. Ukichinja mbuzi wa Idi au wa harusi uani, viungo vyenye mifuko visirushwe nje ya geti. Vichome au vizike shimo refu ambalo mbwa hafukui. Mapafu ya mbwa yachemshe nusu saa nzima kabla ya kumpa, na mpe mbwa dawa ya minyoo kama daktari wa mifugo atakavyopanga. Watoto wanawe mikono baada ya kucheza naye.

Matumbo yenye vinundu, na funza

Vinundu vidogo kwenye ukuta wa utumbo, ukivipasua vinatoa usaha wa kijanimajani: ni makovu ya minyoo wa mnyama. Havikuambukizi. Vikiwa vingi, rudisha; matumbo hayo hayasafishiki.

Funza weupe wanaotambaa juu ya nyama hawakutoka ndani ya mnyama. Nzi alitaga. Hiyo ni nyama iliyokaa vibaya, na shida yake ni bakteria. Itupe.

Nyama haina kitu chochote cha kuonekana

Hiki ndicho kikundi kikubwa zaidi, na ndicho kinachonisumbua. Kuna kijidudu kinachoitwa toksoplazma ambacho hukaa kwenye misuli ya mbuzi, kondoo na nguruwe bila kuacha alama yoyote ambayo jicho au kisu cha mkaguzi kinaweza kuiona. Kwa mtu mwenye afya hupita kama mafua. Kwa mjamzito anayekipata kwa mara ya kwanza, kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kumdhuru ubongo na macho. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka kinaweza kushambulia ubongo. Kinyesi cha paka pia hukieneza, kwa hiyo mjamzito amwachie mwingine kazi ya kusafisha choo cha paka.

Dawa ya yote haya ni joto lifike katikati. Kipande kizima kifike nyuzi 63 ndani kisha kipumzike dakika tatu kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga ifike 71, kwa sababu mashine imechanganya cha nje na cha ndani. Watu huniuliza kama maji ya Nairobi yanatosha, maana huku juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanatosha kabisa. Nyama itachelewa tu kulainika, hiyo ni shida ya gesi.

Shida iko kwenye nyama choma. Wateja wamekaa, mpira umeanza, mtu anagonga meza akiuliza kilo yake iko wapi. Mchomaji anasukuma makaa, nje panakuwa peusi na kunanukia vizuri, lakini karibu na mfupa bado kuna ubichi wa kung'aa na nyama inavutika kama mpira. Ikiletwa kwenye ubao, usile ukitazama nje yake. Omba kipande kinene zaidi kikatwe mbele yako hadi mfupani. Ukiona ubichi, sema kwa upole, "Kaka, hii irudi kidogo." Hakuna atakayekasirika. Chumvi, ndimu, moshi na pilipili haviui mnyoo. Pombe unayoteremshia nayo haiui.

Na ule ubao: kama nyama mbichi ilikatwa hapo asubuhi, nyanya za kachumbari zisikatwe hapo mchana bila kuoshwa kwa sabuni na maji moto.

Vipande vyeupe kwenye choo au nguo ya ndani

Sasa tumehama kutoka kwenye nyama kuja kwa mtu. Angalia umbo.

Kama ni kipande bapa, cheupe, urefu wa sentimita moja au mbili, mfano wa tambi iliyobanwa, huenda ni pingili ya tegu. Pingili za tegu wa ng'ombe hujisogeza zenyewe na huweza kutoka hata hujaenda chooni. Wengi hawana dalili nyingine zaidi ya tumbo kusokota kidogo, kichefuchefu au njaa ya ajabu.

Kama ni mrefu, mviringo kama mnyoo wa udongoni, huyo hakutokana na nyama. Ametokana na udongo na mboga. Kama ni uzi mfupi mwembamba na mtoto anajikuna makalio usiku, huyo naye hahusiani na bucha. Usinirudishie nyama kwa sababu yao.

Kosa la kawaida ni kukimbilia kemisti kuomba "dawa ya minyoo", ile tembe moja ya kutafuna. Hiyo ni nzuri kwa minyoo ya mviringo, lakini dozi moja mara nyingi haimng'oi tegu. Anapoteza pingili, unatulia, na baada ya miezi miwili mitatu vipande vinarudi. Badala yake, tia kipande kwenye kikopo chenye kifuniko pamoja na maji kidogo, funga, nawa mikono, nenda nacho kliniki. Usione haya, wameona mengi. Kipande hicho kina thamani kuliko kipimo cha choo, kwa sababu mayai ya tegu wa ng'ombe na wa nguruwe yanafanana kabisa kwenye darubini, ila pingili zinaweza kutofautishwa.

Na tofauti hiyo si ndogo: mayai ya tegu wa nguruwe yanaweza kuleta vifuko kwenye ubongo wa mtu, kama nitakavyoeleza chini. Kama umewahi kuwa na kifafa, kuumwa kichwa kusikoisha au vinundu chini ya ngozi, mwambie daktari kabla hajakupa dawa yoyote. Dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli huingia kwenye damu, na kama kuna vifuko vimejificha kwenye ubongo inaweza kuamsha degedege. Nyingine, niklosamidi, haifyonzwi, inabaki utumboni. Uamuzi huo ni wake, wewe kazi yako ni kutoa habari zote.

Mtu mzima ameanguka kifafa kwa mara ya kwanza

Mlaze ubavu, sogeza vitu vigumu mbali, usimwekee kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mpeleke hospitali.

Sababu za kifafa ni nyingi, lakini moja inahusiana na haya tunayoyaongea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mahali tegu wa nguruwe amezoeleka, asilimia 30 ya visa vya kifafa huhusiana naye. Watu wakisikia hivyo husema, "Basi mimi niko salama, sigusi nguruwe." Ndipo wanapokosea. Kula nyama ya nguruwe yenye vifuko hukupa tegu utumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na kumeza mayai, na mayai hutoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu huyo. Yanakuja kwa mikono ya mpishi asiyenawa, kwa maji, kwa dhania na nyanya zilizomwagiliwa maji taka kandokando ya mto. Mwislamu, Msabato, mtu asiyekula nyama kabisa, wote wanaweza kuyapata. Sahani ya choma iliyoiva vizuri inaweza kuwa salama, na kachumbari iliyo kando yake ndiyo ikawa na neno. Sukuma iliyopikwa haina shida. Kachumbari ioshwe kila jani na kila nyanya kwa maji safi yanayotiririka. Usitegemee klorini, mayai haya hayaiogopi.

Hospitali itataka picha ya ubongo. Vifuko vikionekana, matibabu hupangwa huko huko, wakati mwingine kwa albendazole, ambayo ni dawa ya minyoo, pamoja na dawa za kutuliza uvimbe, wakati mwingine kwa dawa za kifafa peke yake kama vifuko vimekwisha kukauka. Usiende kununua dawa ya minyoo mwenyewe katikati ya haya.

Kisha omba jambo moja ambalo husahaulika kirahisi: wapimwe choo wote wanaoishi na mgonjwa, na kwanza kabisa yule anayepika.